Vishada vya metali na chaji inayovipasua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kishada cha metali ni kitu gani hasa?

Ni atomi za metali zilizoshikana, chache kiasi kwamba unaweza kuzihesabu: tatu, ishirini na saba, mia nne, elfu kadhaa. Hakijafikia kuwa kipande cha metali tunachokijua, lakini pia si molekuli yenye umbo lake maalumu. Atomi 27 za sodiamu zikijikunja kuwa tone, nusukipenyo cha tone hilo ni kama nanomita 0.63. Kila atomi huchangia elektroni yake ya nje, na elektroni hizo huzunguka tone zima bila kujali zimetoka kwa atomi ipi. Mchango huo wa pamoja ndio gundi inayoshika kila kitu.

Katika majaribio mengi kishada huwa kinaruka ndani ya ombwe, hakigusi chochote. Jambo hili litatusaidia mbele: kikiwa na joto, hakina hewa wala ukuta wa kukipoza. Njia yake kubwa ya kupoa ni kutupa sehemu yake mwenyewe.

Mnaposema "chaji nyingi", ni nyingi kiasi gani?

Inategemea ukubwa wa kishada. Ukiondoa elektroni mbili kwenye kishada cha atomi elfu moja, hakitajali. Ukiondoa mbili hizohizo kwenye kishada cha atomi 10, umekitia matatani.

Kipimo kinachofaa ni mraba wa chaji ukigawanywa kwa idadi ya atomi, yaani q²/N (q ni idadi ya elektroni zilizoondolewa, N ni idadi ya atomi). Mraba unatokana na ukweli kwamba kila chaji inasukumana na kila nyingine: ukizidisha chaji mara mbili, msukumano unapanda mara nne. Ukikumbuka q²/N peke yake, nusu ya mada hii tayari unayo.

Nguvu zipi zinashindana?

Mbili. Ya kwanza ni mkazo wa uso, ileile inayofanya tone la zebaki lijiviringishe. Atomi iliyo juu ya uso ina majirani wachache kuliko iliyo ndani, kwa hiyo uso ni gharama, na kishada hujitahidi kuwa na uso mdogo iwezekanavyo. Mkazo huu unakivuta kuwa mviringo. Ya pili ni msukumano wa chaji. Kwa kuwa metali inapitisha umeme, chaji ya ziada haibaki katikati. Inakimbilia usoni na kusambaa. Hii inataka kishada kirefuke, kibonyee kiunoni, kigawanyike, ili chaji zipate kukaa mbali mbali.

Mwaka 1882 Lord Rayleigh alipiga hesabu ya tone lolote la kimiminika linalopitisha umeme na kuonyesha ni wapi hasa msukumano unaushinda uso:

Q² = 64π²ε₀γR³

Hapa Q ni chaji, γ ni mkazo wa uso, R ni nusukipenyo, na ε₀ ni namba isiyobadilika ya umeme katika ombwe. Watafiti wa siku hizi hugawanya chaji halisi (mraba wake) kwa upande wa kulia wa mlinganyo huo na kuuita uwiano unaopatikana X. X ikiwa ndogo sana kishada kimetulia. X ikifika 1, yaani kwenye ukomo wa Rayleigh, hata mtikisiko mdogo kabisa wa umbo unatosha kukirefusha mpaka kikatike.

Rayleigh alikuwa akifikiria matone, si vishada. Elektroni yenyewe ilikuwa haijagunduliwa. Hesabu yake imeshuka kutoka tone hadi nanomita na bado inasimama, jambo ambalo mimi mpaka leo naliona la ajabu.

Basi nikitumia mlinganyo huo kwa sodiamu napata nini?

Mkazo wa uso wa sodiamu iliyoyeyuka ni takriban niutoni 0.2 kwa mita. Ukiweka nambari, X inafika 1 pale q²/N inapokaribia 0.4. Kishada cha atomi 1000 kingebeba chaji 20 kabla ya kufika ukomo, na cha atomi 250 kingebeba 10. Kile chetu cha atomi 27 kingebeba tatu na kubaki na nafasi kidogo.

Na hapo ndipo watu wanapokwama, kwa sababu majaribio yanasema vingine.

Kwa nini basi kishada cha sodiamu chenye chaji mbili hakionekani chini ya atomi 27, wakati hesabu inaruhusu chaji tatu?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote hapa, na jibu lake ndilo linalopotoshwa mara nyingi. Ukomo wa Rayleigh si mahali kishada kinapoanza kupasuka. Ni mahali ambapo hakibakiwi na kitu chochote cha kukizuia. Vishada vingi hupasuka mapema sana kabla ya hapo.

Fikiria kilima cha nishati. Upande mmoja kipo kishada kizima, upande wa pili vipo vipande viwili vinavyokimbiana. X ikiwa ndogo, bonde la vipande liko juu kuliko la kishada kizima, hivyo kugawanyika ni hasara. Ukifanya hesabu ya kugawanya tone katika nusu mbili sawa, uso unaongezeka kwa asilimia 26 na nishati ya msukumano inapungua kwa asilimia 37. Faida na hasara zinalingana X ikiwa 0.35. Kuanzia hapo kugawanyika kunatoa nishati. Lakini kilima bado kipo katikati, kwa sababu ili kishada kikatike lazima kwanza kirefuke, na kurefuka kunagharimu uso kabla chaji hazijafaidi umbali. Kilima hicho kinapungua kadiri X inavyopanda, na kinakwisha kabisa X ikiwa 1.

Kati ya 0.35 na 1, kwa hiyo, kishada kinaishi kwa hisani ya kilima. Kikiwa baridi kinaweza kukaa hapo. Kikiwa na joto, atomi zake zinatikisika, umbo linayumbayumba, na siku moja yumbo moja linavuka kilele.

Sasa ongeza ushindani wa njia nyingine ya kupoa: kuvukiza atomi moja isiyo na chaji. Kwa sodiamu atomi moja inagharimu takriban elektroni-volti 1 (elektroni-volti ni kipimo kidogo cha nishati kinachotumika kwa atomi). Kishada kikubwa chenye chaji mbili kina kilima cha mpasuko kilicho juu kuliko gharama hiyo, hivyo kinachagua kuvukiza. Kinatupa atomi, kinabaki na chaji zilezile, kinakuwa kidogo. X inapanda, kilima kinashuka. Kinatupa nyingine. Hatimaye kinafika ukubwa ambapo kupasuka ni rahisi kama kuvukiza, na safari inaishia hapo. Kwa sodiamu yenye chaji mbili ukubwa huo ni atomi 27 hivi. Kwa chaji tatu ni karibu 64, kwa chaji nne karibu 123. Ukizitia kwenye mlinganyo wetu, zote zinaangukia X ya theluthi moja hivi.

Kwa hiyo 27 ni nambari ya vishada vyenye joto. Ukitazama meza ya ukubwa wa chini kabisa wa metali fulani, uliza kwanza vishada hivyo vilikuwa na joto gani na vilisubiriwa muda gani kabla ya kupimwa.

Kuna aliyewahi kuukaribia ukomo wenyewe?

Ndiyo, kwa kuondoa elektroni bila kupasha joto. Watafiti wa Ufaransa walirusha ioni za ksenoni, zenyewe zikiwa zimevuliwa elektroni nyingi, zipite karibu na vishada vya sodiamu. Ioni kama hiyo inanyakua elektroni kutoka mbali na kwenda zake, haigongi. Kishada kinabaki na chaji mpya na joto dogo. Kwa njia hiyo vishada vilionekana vikiwa hai hadi X ya karibu 0.85.

Idadi ya atomi na chaji inajulikanaje, wakati kitu chenyewe hakionekani?

Kwa spektromita ya masi ya muda wa kuruka. Ioni zote zinasukumwa na volteji ileile, kisha unapima zimechukua muda gani kufika kwenye kipokezi. Nyepesi zinatangulia. Ila mashine haioni masi peke yake. Inaona masi ikigawanywa kwa chaji. Kishada cha atomi 26 chenye chaji mbili kinafika pamoja na cha atomi 13 chenye chaji moja, na hakuna namna ya kuvitofautisha kwa muda tu.

Wokovu uko kwenye nambari witiri. Atomi 27 kwa chaji mbili ni 13.5, na hakuna kishada cha chaji moja chenye atomi kumi na tatu na nusu. Ukiona kilele kwenye grafu ya mashine kimesimama katikati ya vilele viwili vya kawaida, umekipata chako. Ndivyo kundi la Klaus Sattler huko Konstanz, Ujerumani, lilivyofanya mwaka 1981: katika metali ya risasi, vishada vya chaji mbili vilianza kuonekana kwenye takriban atomi 30, na katika ksenoni, ambayo si metali na gundi yake ni dhaifu sana, kwenye takriban atomi 52. Chini ya hapo, kimya.

Vipande vinavyopatikana huwa sawa?

Kwa nadra. Sodiamu ndogo yenye chaji mbili hupenda kutema kipande kidogo cha atomi tatu chenye chaji moja, na kilichobaki kinachukua chaji nyingine. Kishada cha atomi 10, kwa mfano, hutoa kipande cha 7 na kipande cha 3.

Kwa nini tatu? Hapa tone la Rayleigh halitusaidii tena, maana tone halihesabu elektroni. Elektroni za kishada hujipanga kwa matabaka, kama zinavyojipanga ndani ya atomi, na tabaka linapojaa kishada kinakuwa imara zaidi ya jirani zake. Kundi la Walter Knight huko Berkeley lilionyesha hili mwaka 1984: vishada vya sodiamu vyenye atomi 8, 20, 40 na 58 vilikuwa vingi kupita kiasi. Nambari hizo huitwa nambari za ajabu. Ya kwanza kabisa katika mfululizo huo ni 2, na kipande cha atomi tatu kilichopoteza elektroni moja kinabaki na elektroni mbili kamili.

Msomaji makini atauliza: kwa nini basi kile cha atomi 10 kisitoe kipande cha 9, ambacho kingekuwa na elektroni 8 zilizokamilika, na ioni moja tupu? Kwa sababu ioni tupu ni ghali. Kung'oa elektroni kutoka atomi moja ya sodiamu kunahitaji elektroni-volti 5.14, wakati atomi tatu zikiwa pamoja zinagawana mzigo. Faida ya tabaka lililojaa haitoshi kulipa tofauti hiyo.

Hii si sawa na kupasuka kwa kiini cha urani?

Ni ndugu. Otto Hahn na Fritz Strassmann waligundua mpasuko wa urani mwishoni mwa 1938, Lise Meitner na Otto Frisch wakaueleza kwa picha ya tone linalokatika, na mwaka 1939 Niels Bohr na John Wheeler wakaijengea picha hiyo hesabu kamili. X ni ileile, na kwa urani thamani yake ni karibu 0.7. Hata tabia ya vipande visivyolingana ipo, na sababu yake ni ya ukoo mmoja: matabaka ya protoni na nutroni.

Tofauti mbili ni kubwa, hata hivyo. Katika kiini, chaji imeenea ndani ya ujazo wote. Katika metali imekaa usoni. Na katika kiini huwezi kuchagua chaji utakavyo, kwani idadi ya protoni na ukubwa wa kiini vinakwenda pamoja. Katika kishada unaweza kuacha atomi zilezile na kubadilisha chaji peke yake. Ndiyo maana vishada ni uwanja mzuri wa kujaribia nadharia iliyotungwa kwa ajili ya viini.

Nishati, bila shaka, haikaribiani kabisa. Mpasuko mmoja wa urani unatoa kama elektroni-volti milioni 200. Chaji mbili zilizoachana nanomita moja zina elektroni-volti 1.44.

"Mlipuko wa Coulomb" ni jina jingine la jambo hilohilo?

Baadhi ya waandishi huchanganya (Coulomb ni mwanafizikia ambaye msukumano wa chaji umepewa jina lake), na hata makala ya 1981 ya kundi la Sattler ilitumia neno hilo kwa mpasuko wa chaji mbili. Mimi naona ni bora kutenganisha. Mpasuko ni wa X chini ya 1: kuna kilima, kuna kusubiri, vipande ni viwili au vichache. Mlipuko ni wa X iliyovuka 1 kwa mbali, ambapo hakuna cha kusubiri na kishada kinasambaratika hadi ioni mojamoja.

Kufika huko unahitaji leza ya msukumo mfupi, makumi au mamia ya femtosekunde (femtosekunde moja ni sehemu moja ya milioni bilioni ya sekunde). Jambo la kuvutia ni kwamba si lazima msukumo mfupi zaidi ndio uharibu zaidi. Elektroni za kishada huyumba kwa pamoja kwa mdundo wake maalumu, kama bembea, na leza inayotumika sana, ya nanomita 800, inasukuma kwa mdundo wa polepole mno kuliko huo. Lakini mwanzo wa msukumo unang'oa elektroni chache na kishada kinaanza kutanuka. Kikitanuka, elektroni zinapungua msongamano, na mdundo wao unashuka. Unafika mahali unapolingana na leza, na kuanzia hapo kila sukumo la leza linaingia kwa wakati wake. Elektroni zinamiminika nje. Ndiyo maana misukumo miwili iliyoachiana nafasi kidogo, wa kwanza wa kutanua na wa pili wa kupiga, huweza kuvua elektroni nyingi kuliko mmoja wenye nguvu ileile.

Vishada vya ksenoni vilivyolipuliwa hivi vilitoa ioni zenye nishati hadi elektroni-volti milioni 1 katika majaribio yaliyotangazwa London mwaka 1997. Miaka miwili baadaye, huko Marekani, vishada vya deuteriamu (hidrojeni nzito) vililipuliwa kwa nguvu ya kutosha viini vyake kugongana na kuungana. Hivyo viwili si metali, lakini njia ya mlipuko ni hiyohiyo.

Matone makubwa yanapofika ukomo hupasuka vilevile?

Hapana, na tofauti yenyewe inafundisha. Mwaka 2003 watafiti wa Ujerumani waliliacha tone la ethilini glikoli likielea ndani ya mtego wa umeme na kukauka taratibu mpaka likafika ukomo. Lilirefuka, ncha zake mbili zikachongoka, na kila ncha ikatoa uzi mwembamba uliokatika kuwa vitone. Tone lilipoteza asilimia 0.3 tu ya masi yake, ila theluthi moja ya chaji.

Kishada cha atomi 27 hakina atomi za kutosha kuchora uzi. Linganisha, hata hivyo: kikitema atomi tatu zenye chaji moja kati ya mbili, kimetoa asilimia 11 ya masi na nusu ya chaji. Kanuni ya kutoa chaji nyingi kwa masi kidogo haijabadilika.

Ni kweli sodiamu ikitupwa majini hulipuka kwa sababu hii?

Kwa sehemu, ndiyo. Maelezo ya zamani yalisema ni hidrojeni inayowaka. Tatizo ni kwamba hidrojeni na mvuke vingepaswa kuitenga metali na maji, na mwitikio ungejizima wenyewe. Mwaka 2015 Pavel Jungwirth wa Prague na wenzake walidondosha matone ya aloi ya sodiamu na potasiamu majini mbele ya kamera ya kasi kubwa. Katika chini ya milisekunde moja uso wa metali ulichomoza miiba kila upande. Elektroni zilikuwa zimekimbilia majini, metali ikabaki na chaji chanya kupita ukomo wa Rayleigh, na miiba ile ikafungua uso mpya kwa maji. Hidrojeni inafuata baadaye. (Tazama video zao, usijaribu.)

Na chaji hasi?

Mambo ni tofauti kabisa. Kishada chenye elektroni za ziada hakilazimiki kupasuka, kwa kuwa elektroni ni nyepesi na inaweza kutoroka peke yake, ama kwa kuruka kizuizi au kwa kupenya ndani yake. Ioni chanya haina njia hiyo. Chaji yake imefungamana na atomi nzito, na kuiondoa ni kuondoa atomi.

Metali gani inavumilia zaidi, na nawezaje kukadiria mwenyewe?

Kwa metali yoyote, q²/N ya ukomo ni takriban 0.22 × γ × r³, ambapo γ ni mkazo wa uso kwa niutoni kwa mita, na r ni nusukipenyo cha nafasi ya atomi moja kwa angstromu (angstromu 10 ni nanomita moja). Sodiamu: γ ni 0.2 na r ni 2.1, unapata 0.4. Dhahabu: γ ni karibu 1.15 na r ni 1.59, unapata karibu 1. Atomi 1000 za dhahabu, kwa hiyo, zingefika ukomo kwenye chaji 32 hivi badala ya 20, ingawa zimebanana kwenye tone dogo zaidi. Mkazo mkubwa wa uso umefidia ufinyu.

Kisha jaribu potasiamu. Mkazo wake ni 0.11 tu, karibu nusu ya sodiamu, na wengi hubashiri itapasuka haraka zaidi. Lakini r yake ni 2.57, na mchemraba wa nambari hiyo ni mkubwa. Unarudi palepale kwenye 0.4.